Alinyweshwa

Nyapara alifika mochwari kabla yake, na hilo peke yake lilimtia mjane shaka. Miaka tisa mumewe alibeba nyama kwenye ghala la baridi, na mtu huyu hakuwahi hata kumjulia hali. Leo alimvutia kiti, akampa pole mara mbili, akamwita shemeji. Mtu anayekuwa mwema ghafla namna hii ana lake jambo.

Karani akasogeza karatasi. Mwili ungetolewa, alisema, mama akishatia sahihi. Mjane akasoma polepole, kidole kikifuata mistari, mpaka palipoandikwa: *Marehemu alikunywa pombe kupita kiasi, kwa hiari yake.*

"Hapa pana kosa, baba," alisema. "Hakunywa. Alinyweshwa."

Karani akacheka kidogo, akauliza kwani tofauti iko wapi.

Tofauti ilikuwepo, na kubwa. Kila asubuhi, mlangoni mwa ghala, nyapara alimmiminia kila mchukuzi kikombe cha pombe kali. Hiyo ndiyo iliyokuwa koti lao. Asiyekunywa haingii, na asiyeingia hana kazi. Nyapara mwenyewe alivaa koti zito mpaka magotini na hakuna aliyewahi kumwona akionja. Mumewe, mtu ambaye siku ya harusi yao hata soda ilimpalia, alianza kutetemeka mikono kila Jumapili, siku isiyo ya kazi. Kisha macho yakawa ya manjano. Alimsihi aache. Nikiacha kikombe nimeacha kazi, mke wangu, alimjibu, na watoto watakula nini?

"Shemeji, tusikuze mambo," nyapara alisema kwa upole. "Nani alimshika mdomo?"

"Ulimshika tumbo."

Nyapara akatazama saa yake. Mjane akaichukua karatasi, akaichana vipande viwili, kisha vinne, akavirudisha mezani.

Hakuna aliyemkaripia, na hilo lilimtisha kuliko kelele. Karani alivuta mtoto wa meza, akatoa bunda zima la karatasi, akachomoa ya juu. Mjane akainama kuangalia. Sentensi ile ile ilikuwa imekwisha kuchapwa, mpaka nukta yake, kwenye hiyo na kwenye iliyokuwa chini yake. Palipoachwa wazi ni pa jina tu.

"Haya, mama," karani alisema, akifungua kalamu. "Marehemu aliitwa nani?"