Bunduki Inayopiga Kushoto

Bunduki ilifika Kilema ndani ya boksi refu, imeviringishwa kwenye mashuka ya zamani, na karatasi ya kibali imebanwa juu kama cheti cha ubatizo. Ilikuwa bunduki ya upepo, mpya kabisa. Wenseslaus aliituma kwa basi kutoka Dar, kisha akampigia simu mdogo wake Primus kumwambia kwamba sasa tatizo limekwisha. Ndivyo alivyokuwa Wenseslaus. Tatizo lolote la nyumbani aliliona limekwisha pale basi lilipotoka stendi.

Tatizo lenyewe lilikuwa ndege. Wenseslaus alikuwa amemjengea mama yao, Mektrida, nyumba mpya palepale kwenye kihamba, shamba la ukoo la marehemu baba, akaiwekea madirisha ya aluminiamu yenye vile vioo vya kung'aa. Ukisimama nje unajiona mwenyewe na migomba iliyo nyuma yako, na aliye ndani anakuona wewe mpaka vifungo vya shati. Kwa Dar huenda vinafaa. Kilema ina msitu juu yake, na msituni kuna hondohondo, ndege mkubwa mwenye mdomo kama jembe. Dume mmoja alijiona kwenye kioo cha chumba cha mama, akadhani ni dume mwenzake amemwingilia, na tangu hapo akawa anakuja asubuhi na jioni kupigana naye. Kona ya kioo ilishaanza kushika ufa.

Kingekuwa chumba kingine watu wangecheka. Lakini Mama Wenseslaus, kama majirani walivyomwita, alikuwa amepooza upande mmoja tangu masika, na ndege anayegonga dirisha la mgonjwa husemwa anaita kifo, hana wa kumtetea. Wanawake wa jumuiya waliokuja kusali walitazamana, na kabla ya jioni habari ilikuwa imefika Dar. Wenseslaus akatoa hukumu: ama ndege aondoke, ama yeye aje Jumamosi na gari amchukue mama. Mama aliposikia neno Dar alimshika Primus kwa ule mkono mzima, hakumwachia mpaka usingizi ulipomchukua. Alitaka kufia kwake na kuzikwa migombani kando ya mumewe, na hilo halikuwa siri kwa mtu.

Primus alikuwa kitinda mimba. Kwa desturi ya Wachagga, kitinda mimba ndiye anayerithi nyumba ya wazazi, na anairithi pamoja na waliomo. Yeye ndiye aliyemgeuza mama kitandani, akamwogesha, akamfulia, akampikia mtori wa ndizi na kumlisha kijiko kwa kijiko, kisha akaenda kumkatia ng'ombe majani. Mkewe Violet alifundisha shule huko Hai na kurudi mwisho wa mwezi. Majirani walimpa pole, Wenseslaus alimpa ushauri. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na aliye mbali huona hata kanda lenyewe halipo. Kuuguza kunachosha, asikudanganye mtu. Kuna siku Primus alipiga magoti, akasali, "Bwana, mpumzishe mama," akainuka akiwa anajua vizuri ni nani aliyekuwa anamwombea mapumziko. Aliona aibu, akaenda kukamua.

Alijaribu kwanza kufunika dirisha kwa kitenge. Mama aligonga ukingo wa kitanda kwa mkono wake mzima mpaka Primus akakitoa kitenge, maana kutazama nje ndiyo starehe pekee aliyobakiwa nayo. Ikabaki bunduki. Primus aliapa moyoni kwamba hatapiga kamwe kuelekea nyumba. Angemngoja ndege atue juu ya mti wa mringaringa ulioko pembeni, amtishe, na akishindikana ampige.

Nyuma ya banda la ng'ombe aliweka kopo la rangi juu ya kisiki. Risasi ya kwanza ilitoa moshi na harufu ya mafuta yaliyoungua, na kile kidonge cha risasi kikaenda kinakokujua chenyewe. Cha pili kiliingia kwenye mparachichi, kushoto. Cha tatu kilikwenda kushoto zaidi. Alizungusha vifundo vya darubini iliyofungwa juu ya bunduki kama Wenseslaus alivyomwonyesha kwenye video, bunduki ikanyooka mara moja, ikarudi kushoto. Ndipo akagundua kwamba kila ikipiga, darubini inateleza nyuma kidogo kwenye reli yake. Alipoikaza darubini, zikalegea skrubu za kitako. Alipokaza kitako, mtutu ukaanza kucheza pale unapokunjwa. Na kifyatulio kilikuwa kigumu kama kung'oa msumari, ukikivuta bunduki nzima inageuka nacho. Juu ya mringaringa hondohondo alipiga makelele yake ya kupasua masikio, kama anayecheka, na Primus alijua ni lugha yake tu, lakini alichukia.

Wenseslaus alipoambiwa alisema ile ni bunduki nzuri, ya bei, labda tatizo ni mshikaji. Primus alikata simu. Alikuwa amechoka hata kukasirika.

Akajitafutia njia yake. Ndege alikuwa ameacha doa jeupe katikati ya kioo cha mama, doa dogo linaloonekana vizuri kwa mbali. Primus alisimama migombani, bunduki ikiwa tupu, akalielekezea darubini lile doa aone kama alama ya msalaba iliyo ndani yake imehama. Alitoka kila ndege alipogonga, na ndege aliruka mara tu mlango ulipolia. Yeye alibaki, jicho moja amelifumba, shavu kwenye kitako. Wakati mwingine alibaki muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Palikuwa mahali pekee siku nzima ambapo hakuna aliyemwita. Kwenye kioo alimwona mtu mwembamba mwenye bunduki, migomba nyuma yake, na hakumjali.

Wiki hiyohiyo mama akabadilika. Alikataa mtori. Aliomba aitiwe padri, akapakwa mafuta ya wagonjwa, akatubu kwa muda mrefu kwa ule ulimi wake mzito. Kesho yake alitaka avikwe kitenge chake cha kanisani, na kiti chake cha magurudumu kiwekwe mbele ya dirisha, katikati kabisa. Primus alipokiweka pembeni kidogo ili jua lisimchome, alitikisa kichwa mpaka kiti kikarudishwa katikati. Primus aliumia. Akajiambia ndege yule amemtia mama hofu ya kifo, na kwamba Jumamosi Wenseslaus atakuta kweli hali imeharibika. Na mahali fulani ndani yake, ambapo hakupenda kupachungulia, kulikuwa na mtu anayesema: basi amchukue.

Alhamisi alimwacha mgonjwa na jirani yao Theopista, akashuka Moshi. Karibu na soko kuna fundi wa kutengeneza vyerehani aitwaye Jackson, ambaye watu humpelekea chochote chenye springi. Jackson aliifungua bunduki juu ya meza, akanung'unika juu ya watu wa kiwandani. Alikata vipande vya mpira wa tyubu akavilaza chini ya darubini isiteleze, akabadilisha washa, ile pete ya kuzuia upepo, iliyochakaa kabla ya kazi, akatia gundi kwenye skrubu za kitako na kukaza mtutu. Mwisho akalipiga tupa jino la kifyatulio.

"Sasa ni laini, kaka," alimwambia. "Usiweke kidole kama hujaamua."

Nyuma ya kibanda Primus alipiga kizibo cha soda kilichobandikwa ukutani, akakipata. Akakipata tena. Alipanda gari la kurudi Kilema moyo ukiwa mwepesi kuliko ulivyokuwa kwa miezi mingi.

Ijumaa asubuhi alimvika mama, akamweka dirishani kama alivyotaka, akampa rozari. Mama alimtazama usoni muda mrefu, akampapasa shavu. Primus alikuwa na haraka. Alipita mlango wa jikoni ili ule wa mbele usilie, kidonge kikiwa tayari ndani, akazunguka mpaka migombani. Safari hii ndege hakuruka. Alikuwa kwenye kizingiti cha dirisha, anagonga, mgongo ameugeuza. Primus aliinua bunduki amwangalie tu kwa darubini, amfuate atakapoenda kutua mringaringani. Alimwona karibu kabisa, unyoya kwa unyoya. Kidole kikajikumbusha ugumu wa siku zote, kikakaa mahali pake pa zamani.

Bunduki ikalia. Hondohondo akaondoka kwa kishindo cha mabawa, hana hata mkwaruzo. Kidonge kilipiga juu ya kioo, kushoto, kwenye ule ufa, na kioo kizima kikashuka chini vipande vipande. Mtu mwembamba mwenye bunduki akatoweka. Mahali pake alikuwa amekaa mama, wima, na kitenge cha kanisani, rozari mkononi, macho yamemwelekea Primus. Hakuwa amejikunja. Hakuwa ameinua hata mkono.

Primus aliitupa bunduki, akapita dirishani asikumbuke mlango, akampapasa mama kichwa, mabega, kifua. Hakukuwa na damu. Kidonge kilikuwa kimetoboa dari.

"Umekosa," mama alisema polepole.

"Ni ndege, mama. Nilikuwa namwangalia ndege. Imejifyatua."

"Ndege alikuwa anaruka ukitokeza tu. Wewe unabaki." Alipumzika, akatafuta maneno. "Kila siku nakuona umelenga hapa. Nikasema, mwanangu amechoka. Nisimlaumu. Nikakaa katikati, usipate shida."

Primus alitaka kumwambia kwamba bunduki ilikuwa tupu siku zote hizo, kwamba alikuwa analenga doa, na yote yalikuwa kweli. Lakini alikumbuka ile sala yake. Alikaa sakafuni, akaweka kichwa kwenye magoti ya mama, akalia kama ambavyo hakuwahi kulia hata baba alipozikwa. Mkono mzima wa mama ukashuka kichwani pake. Upepo wa mlimani uliingia moja kwa moja chumbani, una harufu ya majani yaliyokatwa.

Simu ikaita mfukoni. Ilikuwa Wenseslaus. Ikaita mpaka ikakata.

Baadaye alijifuta uso, akainuka kutafuta ufagio akusanye vioo.

"Vaa viatu kwanza," mama alisema. "Utajikata."

Akavaa. Alipomaliza kufagia alipasha mtori, akavuta stuli karibu na kiti cha mama. Akapuliza kijiko cha kwanza, na mama akafungua kinywa.