Matwebe Walifika

Barua ya chama cha taifa ilimkuta Mwalimu Tupokigwe Mwambene Jumatatu ya katikati ya Juni, yuko ofisi ya walimu anasahihisha madaftari ya kidato cha pili. Aliisoma akiwa amekaa, kisha akaisoma tena akiwa amesimama. Haikuwa ndefu. Mkoa unaotaka kuwa mwanachama kamili, wenye kura katika mkutano mkuu na timu katika mashindano ya taifa, lazima uwe na klabu nne zilizocheza ligi mpaka mwisho. Fomu zifike kabla ya tarehe thelathini Agosti.

Mkoa wake ulikuwa na klabu tatu.

Mchezo wenyewe ni futiboli ya Kiaustralia, ila Tukuyu nzima wanauita mpira wa yai, kwa vile mpira wake umechongoka huku na huku. Uliletwa na mwalimu wa kujitolea aliyetoka Melbourne. Alikaa miaka miwili, akarudi kwao, akaacha mipira sita, filimbi mbili na kitabu cha kanuni. Watu walidhani mchezo nao ungeondoka naye ndani ya begi. Tupokigwe hakukubali. Wakati ule alikuwa mwalimu wa jiografia aliyetwishwa michezo kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka, lakini mchezo ule ulimwingia: unaupiga teke, unaupiga ngumi, unakimbia nao, unaruka kuudaka juu ya mabega ya watu, na hakuna wa kukwambia umeotea. Akatafsiri kitabu kwa mkono wake. Akasimamisha nguzo nne za mianzi kila upande wa kiwanja, mbili ndefu katikati na mbili fupi pembeni. Mpira ukipita kati ya zile ndefu ni alama sita. Ukipita kati ya ndefu na fupi ni alama moja. Kwa kuwa nchi yao ni vilima na viwanja ni finyu, akapunguza wachezaji kutoka kumi na wanane mpaka tisa kila timu, wavulana na wasichana pamoja.

Miaka tisa ikapita. Sasa kulikuwa na Chama cha Mkoa chenye katiba na mhuri, na katibu wake alikuwa yeye. Tukuyu Mjini, Masoko na Masukulu walikuwa na timu. Na hapo ndipo hesabu ilipokomea.

Baada ya vipindi alikwenda sokoni kwa fundi Mudathiri. Babu yake Mudathiri alitoka Kilwa na sindano za kushonea ngozi, na ukoo haujaziacha. Yeye hutengeneza viatu, lakini mipira ile sita ilipochakaa, aliufumua mmoja mshono kwa mshono, akajifunza umbo lake, akaanza kushona mingine kwa ngozi ya ng'ombe. Ndiye pia mkuu wa waamuzi wa chama.

"Tuna wiki kumi, fundi," Tupokigwe alisema, akakaa kwenye kigoda cha wateja. "Tutaianzisha wapi klabu mpya katika wiki kumi?"

"Kwani Matwebe wamekufa?"

"Matwebe tuliwafuta mwaka juzi. Mechi tatu hawakutokea. Kanuni ya kumi na nne inajieleza."

Mudathiri alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Mwezi uliopita waliniletea mpira niushone. Ngozi ilikuwa imekwisha, Mwalimu. Mpira uliowekwa darini hauishi namna ile. Ule unachezwa kila siku." Akamtazama. "Samahani kwa kuuliza. Wewe umewahi kufika Matwebe?"

Tupokigwe alizipitia mechi kichwani. Miaka yote tisa mechi zote zilichezwa Tukuyu, kiwanja cha shule, hatua mia mbili kutoka nyumbani kwake. Hakuwahi kufika.

Jumamosi alipanda bodaboda. Barabara iliteremka tu, mashamba ya chai yakabaki nyuma, na walipopita Masoko ilibidi avue sweta. Matwebe kulikuwa na joto na migomba imesongamana kiasi kwamba alisikia kiwanja kabla ya kukiona. Alisikia filimbi, kisha kelele za watu wengi.

Kiwanja kilikuwa malisho ya bibi mmoja, Anyelwisye, na kilikuwa kimeinama kuelekea mtoni kama paa la nyumba. Nguzo za mianzi zilisimama pande zote mbili, zimepakwa chokaa. Tupokigwe alianza kuhesabu wachezaji, akakosea, akaanza upya. Waliokuwa wanacheza na waliokuwa wanasubiri zamu hawakupungua sitini. Timu zilikuwa nne, kila kitongoji na yake, na ratiba ya msimu mzima ilikuwa imeandikwa kwa mkaa kwenye ukuta wa zizi.

Bibi Anyelwisye alikuwa kwenye kivuli cha zizi na kitenge mabegani, Kiswahili chake kimejaa lafudhi ya Kinyakyusa. "Kalibu, mwanangu. Ndaga, asante kwa kuja. Wewe ndiye mwenye mpila?"

"Mimi ni katibu wa chama, bibi."

"Haya, katibu. Mimi hawa nimewaambia, ng'ombe wangu wamalise kula kwansa, ndipo wachese. Nao wanasikia."

Ackson, kocha wao, alimwona tangu aliposhuka kwenye pikipiki. Alikuwa mkulima wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye filimbi ya plastiki shingoni. Hakuja mpaka robo ya mchezo ilipokwisha, na alipokuja alimpa mkono kwa adabu tu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ackson, sikujua. Mna ligi nzima hapa! Kwa nini hamkutuambia?"

"Tungemwambia nani? Mlitufuta."

"Hamkutokea mechi tatu."

"Mbili," Ackson alisema. "Mbili gari hatukupata, na hilo nakubali. Ya tatu tulifika."

"Kumbukumbu zangu zinasema..."

"Kumbukumbu zako uliziandika wewe." Akageuka, akaita, "Doreen! Njoo umsalimie katibu."

Msichana aliyekuja mbio alikuwa na miaka ishirini hivi, nahodha wa timu iliyokuwa ikiongoza. Alisalimu kwa kupiga goti kidogo. Tupokigwe alipouona uso ule, siku ile ikamrudia yote.

Ilikuwa Aprili, mvua haikati. Mechi ilipangwa saa nne asubuhi, na kanuni inataka kusubiri nusu saa. Alisubiri nusu saa na dakika mbili, akaijaza fomu, akaisaini. Alikuwa anafungua mwavuli aondoke watu tisa walipotokea kwenye kona ya shule, matope mpaka kiunoni, viatu mikononi. Gari lilikuwa limekwama mtoni wakaamua kupanda kwa miguu. Msichana huyu alikaa kwenye nyasi, akaanza kujichomoa mwiba unyayoni huku mvua inamnyeshea. Na yeye, Tupokigwe, alisema, "Poleni sana, lakini kanuni ni kanuni." Jioni akaandika kwenye muhtasari: Matwebe hawakutokea.

Wapinzani wa siku ile walikuwa Tukuyu Mjini, na zile alama za mezani ndizo zilizowapa ubingwa wa mwaka ule. Na Tukuyu Mjini ilikuwa timu aliyoianzisha mwenyewe, aliyokuwa akiifundisha mwenyewe.

Hakuwahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja. Aliyaweka sasa, amesimama kwenye mteremko ule, na alihisi masikio yanamwaka.

"Doreen," alisema, "mguu wako ulipona?"

"Ulivimba wiki mbili, Mwalimu. Ulipona."

"Nisameheni. Mlifika, mimi nikaandika hamkufika. Huo ulikuwa uongo."

Ackson alitazama chini akichezea filimbi. Alikuwa amejiandaa kwa ubishi. "Mimi kombe silitaki," alisema hatimaye. "Wala kurudi kwenye ligi sijui kama hawa watataka, nitawauliza. Ila nenda ukaandike kwamba tulifika. Uwasomee wote, wasikie. Ukishafanya hivyo, njoo tuzungumze."

Kamati ilikutana Alhamisi katika chumba cha darasa. Mwenyekiti, Mzee Godwin, karani mstaafu aliyependa mambo yaende kwa utaratibu, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Katibu, nakuelewa. Lakini huo muhtasari tuliupitisha. Ukifungua wa mwaka juzi, kesho mtu atataka tufungue wa mwaka gani? Tuwarudishe Matwebe kimyakimya, tupeleke fomu. Nani ataumia?"

"Wao, mwenyekiti. Wamesema hawarudi kimyakimya. Na hata wangekubali, mimi siwezi kusaini fomu ya taifa kwa mkono ulioandika vile." Akalifungua daftari la muhtasari mbele yao. "Naomba muhtasari usahihishwe: Matwebe walifika, wamechelewa kwa sababu ya mto. Mechi irudiwe. Na ubingwa wa Tukuyu Mjini usimamishwe mpaka ichezwe."

Watu wote walimtazama Nelson, nahodha wa Tukuyu Mjini, kijana mrefu aliyekaa dawati la nyuma na aliyefundishwa na Tupokigwe tangu kidato cha kwanza. Naye alimtazama mwalimu wake, na Tupokigwe alijua kwamba kijana ana haki ya kumtukana.

"Siku ile nilikuwepo," Nelson alisema. "Niliwaona wanafika. Nikashangilia." Akajikuna kichwa. "Masoko wananiita bingwa wa mezani mpaka leo. Irudiwe tu, mimi nimechoka."

Fundi Mudathiri akanyoosha mkono kuunga hoja, akafuata mjumbe wa Masukulu. Mzee Godwin alivaa miwani yake, akaandika mwenyewe masahihisho kwa mwandiko wake mzuri wa zamani, akamsogezea Tupokigwe daftari asaini.

Jumamosi iliyofuata aliusoma muhtasari ule kule Matwebe, mbele ya watu wote, pembeni ya zizi. Hawakupiga makofi. Bibi Anyelwisye aliuliza, "Basi?" na Ackson akamjibu, "Basi, bibi." Halafu Ackson akauliza mechi itachezwa lini, na wapi.

"Hapa," Tupokigwe alisema.

Siku ya mechi, mwisho wa Juni, Tukuyu Mjini walishuka garini, wakakiangalia kiwanja, wakaanza kulalamika. Nani amewahi kucheza kwenye paa? Mudathiri, aliyekuwa mwamuzi, aliwakusanya. "Mchezo huu una robo nne, na kila robo mnabadilishana upande," aliwaambia. "Mtateremka robo mbili, na wao watateremka robo mbili. Mlima haumpendelei mtu."

Ikachezwa. Robo ya kwanza Matwebe walikuwa wanateremka, wakafunga alama ishirini kabla Nelson hajazoea kusimama. Ya pili ikawa zamu ya Tukuyu. Mpira ulidunda ovyo, ukaingia kwenye migomba mara kadhaa, mara moja ukampiga ng'ombe. Tupokigwe alikuwa mwamuzi wa pembeni, anakimbia mstari na bendera yake, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakujua anaitakia ushindi timu gani. Dakika ya mwisho Matwebe walikuwa nyuma kwa alama tatu. Doreen aliruka mbele ya nguzo, akaudaka mpira juu ya vichwa viwili, na kwa kanuni akapewa nafasi ya kupiga bila kusumbuliwa. Alirudi hatua saba. Akapiga, mpira ukapaa vizuri, ukagonga mwanzi mrefu wa kulia, mwanzi ukalia ta!

Mpira ukigonga nguzo ni alama moja tu. Tukuyu Mjini walishinda kwa mbili.

Doreen alijitupa chini, akafunika uso. Nelson ndiye aliyemfikia wa kwanza, akamvuta mkono akamsimamisha, akamwambia kitu ambacho Tupokigwe hakukisikia, lakini alimwona msichana akicheka huku machozi yanamtoka. Ackson alisimama kando, mikono kiunoni, anatikisa kichwa.

"Mwanzi," alisema. "Ningeupanda kidole kimoja kulia."

"Mtatushinda Julai," Tupokigwe alisema.

"Julai mnakuja tena?"

"Kama wamekubali kurudi."

"Walikubali tangu juzi," Ackson alisema. "Nilikuwa nasubiri nione kama kweli mtashuka."

Ligi ilichezwa Julai na Agosti, nusu ya mechi Tukuyu na nusu huko chini, na fomu zikaondoka siku nne kabla ya tarehe. Masukulu walipoona timu za vitongoji za Matwebe, wakaanzisha tatu zao. Masoko wakasema hawawezi kuachwa nyuma na Masukulu. Mzee Godwin alipendekeza cheo kipya katika chama, ofisa wa maendeleo ya mchezo, na jina lililotajwa lilikuwa moja tu. Ackson aliikubali kazi kwa sharti kwamba vikao navyo viwe vinashuka Matwebe.

Majibu ya taifa yalikuja Oktoba. Walikuwa wamekubaliwa: uanachama kamili, kura moja, na timu ya mkoa mwakani. Tupokigwe hakutaka kuyasema kwa simu. Jumamosi alipanda pikipiki mpaka Matwebe akiwa na barua mfukoni, akakuta mchezo unaendelea, robo ya tatu, kitongoji na kitongoji. Alisimama mstarini akimsubiri Ackson apate nafasi. Mpira ukatoka, ukampita miguuni, ukaanza kuviringika kwa ule mtindo wake wa kuyumba kuelekea mtoni.

"Katibu, mpira!" Doreen alipiga kelele kutoka katikati. "Unakwenda mtoni, kimbia!"

Akavua viatu, akakimbia.