Mke Mwenza Aliyezaliwa Kabla ya Reli

Mganga hajigangi, sawa, tumesikia. Lakini Zedekiah Odero alizidi. Nyumba yake ya reli pale Makongeni ilikuwa na cherehani nyingi kuliko viti, na bado mwenyewe alikwenda kazini na ovaroli iliyopasuka makalioni, imeshikwa na pini. Mgeni akiingia alipishana na cherehani mlangoni, akabanwa katikati ya cherehani mbili, na chai akawekewa juu ya ya tatu. Thubutu kuomba ushonewe hata kitambaa cha pua! Zilikuwa za kutazamwa, bwana, si za kushona.

Mkewe, Roseline, alikuwa amesema mpaka mdomo ukachoka. Odero alikuwa fundi wa mitambo katika karakana ya reli. Akitoka kazini alipitia Gikomba kwa wauza vyuma vikuukuu, akarudi na mzoga mwingine wa cherehani begani. Hapo sasa ndipo sinema ilipoanza. Aliupindua mzoga, akausugua kwa mafuta ya taa, akasoma namba iliyopigwa kwenye chuma, akayachunguza maua ya dhahabu yaliyochorwa ubavuni, kisha akatangaza umri. "Huyu ni wa juzi. Wa baada ya vita vya Hitler." Hiyo ilikuwa dharau. Akitaka kusifu alisema, "Huyu alizaliwa kabla reli haijafika Nairobi." Kwa mtu wa reli, hakuna uzee unaopita huo.

Wa kabla ya reli alikuwa mmoja tu, na Odero alimwita Nyanya. Alilala chumbani, upande wa Odero, amefunikwa leso mpya ambayo mfano wake Roseline hakuwahi kununuliwa.

"Yule ni mke mwenzangu," Roseline aliwaambia wanawake mferejini. "Tofauti yetu ni kwamba mimi napika."

Waliangua kicheko. Roseline naye alicheka, lakini kwa meno tu.

Maana nyumba nzima ilikuwa na cherehani moja ya kazi, ya kuzungusha kwa mkono, nayo haikuwa ya Odero. Ilikuwa ya marehemu mama yake Roseline. Kwa cherehani hiyo mama yule alishona sare za watoto wa Kaloleni, na karo ya Roseline ikatoka humo. Alipokuwa hoi kitandani alimshika bintiye mkono akamwambia, "Gauni la Norah la harusi lishonwe kwa hii. Niahidi." Roseline akaahidi. Sasa Norah, mtoto wake wa pekee, alikuwa anaolewa Jumamosi na Ochola, karani wa baraza la jiji anayeishi mtaa wa Jericho, na satini nyeupe ilikuwa imeshakatwa.

Basi Jumatatu Roseline akafunua cherehani ya mama, akatia uzi, akazungusha. Uzi wa juu ulishuka. Wa chini haukuja. Akafungua kibati cha chini. Kile kichuma mfano wa mtumbwi kinachobeba uzi wa chini hakikuwemo.

"Baba Norah! Kichuma cha mama kiko wapi?"

"Nimekiazima tu," Odero alijibu nyuma ya gazeti. "Nyanya hakuwa na chake."

"Basi kirudishe."

Odero akakohoa. "Shida ni kwamba hakikumwingia vizuri. Nikakipiga tupa kidogo."

Ndivyo walivyofundishwa karakanani: kitu kisipoingia, kipige tupa mpaka kiingie. Kichuma kilimwingia Nyanya, hongera sana. Kiliporudishwa kwa mwenyewe kilicheza kama jino bovu. Na madukani walimwambia Roseline kwamba vya aina ile haviletwi tena.

"Umempiga mama yangu tupa," alisema, akaketi sakafuni.

Odero hakuwa na roho mbaya. Kichwa ndicho kilichokuwa na matatizo. "Mama Norah, kwani kuna nini? Shonea kwa Nyanya! Bibi harusi gani Nairobi hii ameshonewa na aliyezaliwa kabla ya reli?"

Mfa maji haishi kutapatapa. Roseline alimvua mke mwenza leso, akaweka satini chini ya sindano, akazungusha. Mshono wa kwanza ulinyooka, na Odero akasimama pembeni kifua mbele, utadhani stesheni masta. Kisha weusi ukaanza kuchomoza. Fundi wetu, badala ya mafuta mepesi ya cherehani, alikuwa amempaka Nyanya grisi ya mabehewa. "Grisi inayofikisha treni Kisumu itashindwa na gauni?" aliwahi kujigamba. Haikushindwa. Iliteremka na sindano ikalowesha satini, kifuani hasa.

"Itatoka na petroli," Odero akasema.

Roseline alilia. Alilia kwa sauti hata Waithera, jirani wa mlango wa pili, akaja mbio na unga mikononi. Akatazama gauni, akazitazama cherehani, akamtazama Odero. "Wee! Ghala zima la cherehani, na gauni moja limewashinda?" Akaenda akaleta yake. Wakashona wawili, doa wakalifunika kwa maua ya satini. Gauni likapendeza, kila mtu akasifu. Lakini Roseline alijua ahadi ya mama imekufa, na iliuma.

Wiki hiyo hakumgombeza mumewe hata kidogo. Odero, maskini ya Mungu, akadhani amesamehewa.

Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa, wakati wa zawadi ukafika. Wanawake wa upande wa bibi harusi waliingia wakiimba, na sufuria, na blanketi, na mwishoni Waithera na mzigo mzito kichwani uliofunikwa leso. Odero aliijua ile leso.

"Zawadi ya baba mzazi!" Roseline alitangaza, akaivuta. Vigelegele vikapasua paa.

Mama yake Ochola akaja, akampapasa Nyanya. "Tumeshukuru, baba. Inashona?"

"Ilizaliwa kabla ya reli," Odero alisema kwa shida.

"Haya. Na inashona?"

"Anaipenda kuliko macho yake," Roseline akadakia kwa sauti ya asali, "lakini anampenda Norah zaidi. Sivyo, Baba Norah?"

Mchungaji alikuwa anatazama. Wakwe walikuwa wanatazama. Kwaya nzima ilikuwa inatazama.

"Ndivyo," akasema Odero.

Zawadi hairudishwi, hilo la kwanza. La pili, kwao Ugenya baba hakanyagi nyumbani kwa mkwewe hivihivi. Husubiri aalikwe kwa heshima zote, na mwaliko wenyewe huweza kuchukua miaka. Roseline aliyajua hayo. Kati ya nyumba zote za Nairobi alichagua ile moja ambayo mumewe hawezi kuipitia akitoka kazini.

Odero alinyong'onyea kama mfiwa. Kisha jioni moja akarudi na kipande cha chuma, akaketi mlangoni na tupa. Alikwangua, akajaribisha kwenye cherehani ya mama mkwe, akaharibu, akatupa, kesho yake akaanza upya. Hakuna aliyemtuma. Hatimaye akaweka kichuma kipya mezani, bila kutangaza umri wa yeyote.

Roseline akatia uzi. Akachukua kipande cha satini kilichobaki, akazungusha. Mlio ule aliolala nao utotoni Kaloleni ukajaa nyumba, na mshono ukanyooka. Machozi yakamtoka. "Umechelewa, mama," alisema, "lakini karibu."

Odero akapata moyo. Akaenda chumbani, akarudi na ovaroli, pini ikiwa bado imening'inia makalioni.

"Basi, Mama Norah, nami nishonee."

Roseline aliitazama ovaroli, akamtazama mwenyewe.

"Mpelekee mke mwenzangu," akasema, akaendelea kuzungusha.