Jua Liwe Shavuni

Utupa, mmea wa sumu ya kuulia samaki, hautwangwi kwenye kinu cha chakula. Fransiska alilijua hilo tangu utotoni. Asubuhi ile alimfukuza kuku aliyekuwa akiatamia ndani ya kinu kilichopasuka nyuma ya jiko, akahamishia mayai kwenye ungo, akakung'uta manyoya, akaanza kutwanga. Majani yalilainika upesi, yakatoa rojo la kijani na harufu iliyomkaa kooni.  Hasira yake ilikwisha kupoa zamani, na hasira iliyopoa ni kama ugali wa ulezi uliolala: hukatwa kwa kisu, tena hushibisha kuliko wa moto.

Utupa huo aliupanda mwenyewe, mstari mzima pembeni mwa shamba la maharage, mwaka aliomzika mumewe. Majirani walipouliza, alisema ni dawa ya fuko waliokuwa wakimchimbia matuta. Fuko kweli walihama. Watu wakamsifu, wengine wakaomba mbegu, naye akawagawia. Hakuna aliyejua kwamba kila alipoupalilia alikuwa akimpalilia Gaudensi.

Gaudensi alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe Polikarp, mtu wa maneno matamu na mikono myepesi. Kesho yake, Jumamosi, angevua bwawa lake la perege kwa mara ya kwanza, na Jumapili parokia ingesherehekea mtakatifu somo wake. Alikuwa amesimama mbele ya jumuiya nzima akaahidi kwamba padre, kwaya na wageni wote wangekula samaki wa Gaudensi, siyo dagaa waliosafiri kutoka Kasanga wakiwa wamejikunja kwenye viroba. Mkewe Bertilla alikwisha kuazima sufuria kila nyumba. Aliazima hata ya Fransiska, na Fransiska alimpa ile kubwa, akaisugua kwanza kwa majivu.

Alikuwa amepima kila kitu. Samaki wa utupa huliwa wakiokotwa papo hapo, lakini wakilala majini usiku mmoja huoza. Kwa hiyo siku yenyewe ilikuwa Ijumaa hii, wakati Gaudensi akiwa Sumbawanga kukodi viti na vipaza sauti. Bwawa lilizungushiwa miiba na lilikuwa na mbwa. Banio la mfereji uliolijaza maji, kule juu kijitoni, halikuwa na mlinzi. Maji yenyewe yangefikisha salamu.

Alijaza rojo kwenye kiroba, akakifunga, akakitwika kichwani, akashika njia ya kijitoni.

Hakuwa amepita njia hiyo tangu msiba. Upepo wa kiangazi ulikuwa ukilaza nyasi za uwanda mzima upande mmoja, kama mtu anayempapasa ng'ombe. Kijito chenyewe ni kidogo, mtu hukiruka bila kupandisha sketi. Lakini kwenye kona ile kinatulia, kinatandika mchanga mweupe chini, na juu yake kuna jiwe bapa. Jiwe la Polikarp.

Kiharusi kilipomchukua upande wa kulia, Polikarp, aliyewahi kulima kwa jozi mbili za maksai bila kupumzika, alibaki mtu wa kushikwa mkono. Kila asubuhi alimwomba mkewe amfikishe pale. Mwanzoni Fransiska alimketisha akaondoka, maana kazi hazimsubiri mtu anayekodolea maji. Siku moja Polikarp alimvuta upindo wa kanga, akamwambia akae. Akakaa, akaona maji tu. Polikarp akacheka kwa upande wake mmoja wa mdomo. Alimwambia kwamba samaki hatafutwi, maana mgongo wake una rangi ya maji yake. Kinachotafutwa ni kivuli chake mchangani. Ukiona kivuli kisicho na mwenyewe, panda nacho taratibu kwa macho, utamkuta mwenyewe juu yake, amesimama akiuelekea mkondo. Na jua, alisema, jua liwe shavuni. Likiwa kisogoni, kivuli chako wewe kitawafukuza.

Alipowaona kwa mara ya kwanza, Fransiska alishika mdomo kama mtu aliyefumania siri. Maji aliyoyachota miaka yote kumbe yalikuwa na wenyeji. Walikuwa wadogo kama kidole cha mtoto, na mstari mweusi ubavuni kuanzia jicho hadi mkiani. Polikarp aliwaita mashemasi. Yule mwenye sharubu, anayejibana chini ya jiwe na kutoka kwa nadra, alikuwa katekista. Kuanzia siku hiyo wawili hao waliketi jiweni kila asubuhi kabla ya jembe, wakibishana kwa minong'ono nani kamwona shemasi kwanza, na nyumba iliyokuwa na harufu ya dawa za kuchua ikapata kitu cha kuchekea.

Kisha Gaudensi akapata mtoto wa Kipaimara na akataka kitoweo.

Wazee walikuwa na utaratibu wao. Utupa hutangazwa jioni ili watu wachote maji mapema na mifugo izuiwe, na hutiwa chini ya makazi, kwenye vidimbwi vya samaki wakubwa. Gaudensi hakutangaza. Alitia pale pale juu ya kona, kwa kuwa palikuwa karibu na nyumbani kwake. Fransiska na Polikarp walipofika, mashemasi walikuwa wakielea matumbo juu, weupe, wakizunguka jiwe polepole kama makapi ya ulezi. Katekista alikuwa ametoka mafichoni, naye akihema hewani.  Polikarp alinyoosha mkono wake mzima, akamtoa mmoja majini, akamshika kiganjani mpaka alipokoma.

Fransiska alimfuata shemeji yake akamweleza alichofanya. Gaudensi alicheka, akamwambia wale siyo samaki, wale ni kucha, hata kisosi hawajazi. Polikarp hakuomba tena kupelekwa mtoni. Aligeukia ukutani, na mvua za kwanza zilimkuta kaburini. Kwenye mazishi hakuna aliyelia kwa sauti kumshinda Gaudensi.

Yote hayo aliyabeba kichwani pamoja na kiroba.

Alitua mzigo karibu na banio, hatua chache kutoka kwenye jiwe, akapiga goti, akaanza kufungua kamba. Hakukusudia kutazama. Lakini jicho lililofundishwa halingoji ruhusa. Jua lilikuwa shavuni mwake, mchanga ulikuwa mweupe chini ya maji, na juu ya mchanga kulikuwa na kivuli kisicho na mwenyewe.

Vidole vilisimama kwenye fundo.

Alipanda nacho taratibu. Shemasi. Na nyuma yake mwingine, na wengine, kundi zima limejipanga kuuelekea mkondo, mikia ikitikisika kwa pamoja. Furaha ilimpanda ghafla kifuani, akageuza shingo kumwambia mtu, na hapakuwa na mtu. Furaha hiyo ilimuudhi. Hakuja kufurahi. Alijiambia kwamba hata hivyo jambo ni jepesi: angeteremka na kiroba, amimine ndani ya mfereji wenyewe, chini ya banio, mashemasi wabaki salama na bwawa lipate haki yake.

Akabeba, akateremka, akachungulia mfereji.

Mfereji wa Gaudensi ulichimbwa vizuri, hilo hakuweza kumnyima. Kingo zilikuwa na majani laini, maji yalikwenda bila pupa. Na kwenye maji hayo, kadiri macho yalivyofika, palijaa vivuli vidogo kama sindano. Watoto. Mashemasi walikuwa wameingia humu kuzaa, mahali pasipo na mkondo wa kuwachukua. Mkono uliowaua ndio uliowachimbia watoto wao makao, bila kujua mara zote mbili. Fransiska alikaa chini kwenye ukingo, kiroba mapajani, akahisi kisasi alichokilea kikimkalia pajani kizito kama mtoto mkubwa anayekataa kutembea.

Ndipo aliposikia hatua. Gaudensi alikuwa akija na shati lake la safari. Gari la Sumbawanga lilikuwa limekwama kabla hata halijafika Mwazye, naye akaona arudi akakague maji. Alimwamkia shikamoo kwa uchangamfu, kisha harufu ikamfikia, na uchangamfu ukamtoka.

"Shemeji, umebeba nini?"

"Utupa."

"Wa wapi?"

"Wa bwawa lako."

Gaudensi alitazama kiroba, akatazama mfereji, akatazama kule kwenye miiba ya bwawa. Alichuchumaa. Akaanza kuomba. Akamtaja padre, akamtaja Bertilla na sufuria za watu, akataja damu moja, mwisho akathubutu kumtaja kaka yake.

"Huyo muache," Fransiska alisema. "Njoo hapa. Angalia maji, uniambie nani yumo."

Gaudensi aliinama. Aliangalia sana, kwa hofu, kama anayetafuta sumu iliyokwisha kumwagwa.

"Sioni kitu, shemeji."

"Angalia tena."

"Najiona mwenyewe tu."

"Basi ndivyo ulivyo siku zote."

Fransiska alisimama, akatwika kiroba chake kikiwa kimefungwa, akamwambia masharti kwa sauti ya mtu anayepanga zamu ya kuchota maji. Perege zake avue, wageni wale. Lakini kuanzia Jumatatu atakuja jiweni kila asubuhi. Siku atakayomweleza waliomo humu wanafananaje na wanalala wameelekea wapi, siku hiyo Fransiska ataung'oa utupa wote, mbele yake. Kabla ya siku hiyo, utabaki shambani, na yeye ataendelea kuupalilia.

"Kaka alikuwa anaangalia wapi?" Gaudensi aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na sukari.

Fransiska alilijua jibu. Lilikuwa fupi, lingetosha kwenye pumzi moja. Alilimeza, akapanda zake mlimani.

Jumapili alikula perege wa shemeji yake, akatema miiba kwa utulivu, akasema chumvi imepungua. Jumatatu, akiwa shambani, alimwona kule chini kijitoni. Gaudensi alisimama wima juu ya jiwe, jua kisogoni, kivuli chake kipana kimelala juu ya maji kama blanketi. Hakuna shemasi ambaye angebaki chini ya kivuli kile. Fransiska angeweza kumpigia kelele asogee. Sauti alikuwa nayo. Aliinama akaendelea na maharage, na utamu wa jambo hilo ulimdumu kinywani siku nzima.

Siku zilizofuata akamwona tena. Alikuja akiwa na kofia, akaja bila kofia. Alikuja akapiga magoti, akaja akalala kifudifudi. Bertilla alipita shambani kurudisha sufuria, akauliza kwa upole huyu mume wangu amepotelewa na nini mtoni. Fransiska alimjibu amwulize mwenyewe. Usiku, peke yake, alishangaa kuona kwamba alikuwa akiisubiri asubuhi, kama zamani.

Utupa ulipoanza kutoa maua meupe, ilikuja asubuhi ambayo Gaudensi hakwenda kwenye jiwe. Alikizunguka kijito, akakaa chini kabisa kwenye majani ya upande wa pili, jua likiwa shavuni. Labda alichoka kusimama. Labda umande ulikuwa mwingi upande ule. Fransiska alisimamisha jembe.

Kule chini, Gaudensi aliacha kukuna shingo. Aliacha kila kitu. Akatulia kama ndege nyangumbi akivizia samaki, kisha mkono wake ukapanda polepole ukamfunika mdomo.

Fransiska aliuona mkono huo. Akaliacha tuta alilokuwa akilima, akatembea hadi kwenye mstari wa utupa, akasimama hapo kati ya maua na maharage, jembe mkononi, akimsubiri apande aseme.