Boti Juu ya Matairi

...na sasa anaizunguka ile nyekundu tena, anaigonga ubavuni kwa vifundo vya vidole kama mtu anayegonga tikiti sokoni Hedaru kusikia kama limeiva, na yule muuzaji, Iddi, bwana wa Tanga mwenye kofia ya kufuma, anamfuata nyuma nyuma akisema hiyo haiozi ndugu yangu, hiyo si mbao, mchwa hata aje na ukoo wake mzima haambulii kitu, na Eliufoo anacheka, mume wangu anacheka, meno yote nje, na mimi nimekaa hapa kivulini mwa lori letu, juu ya debe lililopinduliwa, najiuliza kicheko hicho kakitoa wapi, mwaka haujaisha, udongo wa kaburi kule mlimani kwao haujashikamana bado, mvua za vuli ziliufukua pembeni mpaka mama mkwe akaagiza upelekewe mawe, na baba wa marehemu yuko hapa anachagua boti... boti, Mungu wangu, boti mbili juu ya matairi makuukuu katika uwanja wa gereji ya Same, mji ambao maji tunayapangia foleni kwa ndoo tangu alfajiri, upepo unazipaka vumbi kama zimenyunyiziwa unga, mbuzi wanapita wananusa wanaendelea na safari yao, hata mbuzi wanajua hiki si kitu cha hapa, na watu wamesimama ng'ambo ya barabara wanatazama, na kesho itasemwa kila kilabuni, Eliufoo kanunua boti ya kustarehe, si ya kuvulia, ya kustarehe, ina viti vyenye mito na usukani kama wa gari na kioo cha mbele... "Mama Tumaini," ananiita, "njoo uione na hii ya kijani," nami nasema naiona kutoka hapa, naye anarudi kwenye boti yake kama mtu aliyeambiwa chakula bado.

Mama Tumaini. Mtaa mzima unaniita hivyo na ni sawa, Tumainieli ndiye wa kwanza, yuko shule ya bweni na herufi zake nzuri na suruali zinazomfupikia kila likizo, lakini huyu mume wangu hakuwa akiniita hivyo, huyu peke yake duniani alikuwa akiniita Mama Priska, kwa utani tu, kwa kuwa yule mtoto wa pili alifanana naye kwa kila kitu, ubishi, paji la uso, kulala mdomo wazi, akawa anasema huyu ni wangu mimi, wewe ni yaya wake tu, Mama Priska, leta chai, Mama Priska, kiatu changu kiko wapi, na tangu tuliposhuka kutoka mazikoni jina hilo halijamtoka mdomoni, si kwangu, si kwa mtu, ni kama alilifukia pamoja naye, mtu akilitaja sebuleni yeye anainuka anakwenda nje kuangalia lori, daima lori, lori lina nini siku zote... usiku ule wa Pasaka pia lilikuwa lori, tulikuwa kwa mama yake mlimani, mvua ya masika inapiga migomba, mtoto anachemka, shingo imekaza haigeuki, nikasema twende, akasema twende, tukamlaza kitini mapajani mwangu, na ile njia ya kushuka ilikuwa sabuni, sabuni tupu, kwenye kona ya pili lori likateleza likakaa upande kwenye mtaro kama ng'ombe aliyechoka, akashuka, akasukuma peke yake gizani, akasukuma lori peke yake, ningeweza kucheka, halafu wanaume wakaja na machela tukashuka kwa miguu hadi hospitali ya misheni, na kulipokucha daktari akamgusa macho kwa vidole viwili, taratibu, na mimi nikapiga kelele mpaka sauti ikakatika, na yeye hakulia. Hakulia. Baada ya mazishi alilivuta lile lori kutoka mtaroni akaliosha, ndoo kwa ndoo kutoka kijitoni, ndani na nje, akasugua hata mahali pale nilipokuwa nimekaa naye, nikamtazama mgongo nikasema moyoni, mtu huyu ananifutia mtoto... "Mashine yake ni ya kuwasha kwa kamba," Iddi anasema, "unavuta mara moja tu, inaitika," na Eliufoo anauliza je maji yakiingia, na Iddi anasema yaingie wapi, na mimi nafikiria kanga zangu.

Kanga zangu nimekwisha kuzifunga. Ziko kwenye kikapu chini ya kitanda, pamoja na rozari ya mama na sahani moja ya bati, basi la Jumatatu, kisha basi jingine na jingine mpaka Songea, kisha kushuka hadi Lituhi, ziwani kwetu, kaka yangu bado yuko, atanipa kona. Sijamwambia Eliufoo. Ningemwambia saa ngapi, yeye alikuwa na habari zake za boti, siku hizi anarudi kutoka Ndungu kupakia mpunga na badala ya kuuliza umekula anasema Mama Tumaini, wale wa bwawani Nyumba ya Mungu wanapata samaki mpaka wanawamwaga, na wazungu fulani wana boti zao wanakwenda kasi tu, hawavui, wanatembea, wanatembea majini, na ananitazama kwa pembe ya jicho, na nikaelewa, nikasema moyoni ananihonga, mtoto mdogo akilia hupewa kipande cha muwa anyamaze, na mimi napewa boti, kwa sababu anajua mimi ni mtu wa ziwa, anajua baba yangu alitutoa Nyasa kuja kukata mkonge, manamba, tukapewa chumba kimoja kambini na vumbi lisilo na mwisho, na nilipofika nilimwuliza baba ziwa la huku liko upande gani, akanipiga kofi, kisha akalia yeye, baba alilia, wanaume wengine hulia... Eliufoo alinikuta kambini namenya mihogo, yeye dereva wa watu wakati huo, Mlutheri, Mpare wa juu, kwao wakasema Mkatoliki wa kambini, hata ukoo wake hatuujui, akawaambia basi mimi naujua, akanioa. Aliniahidi atanipeleka Lituhi. Akawa na lori, akawa na mzigo wa vitunguu, mzigo wa mpunga, mwaka huu, mwakani, na sasa ananiletea bwawa la umeme na kiboti chenye mito... na balozi wetu wa nyumba kumi, Melkizedeki, alikuja juzi akakaa pale pale kizingitini, hakutaka hata kuingia, akasema ndugu Eliufoo, nchi inajenga, watu wanachimba mitaro ya shamba la ujamaa kwa mikono, na wewe unasikika unatafuta boti ya kuchezea, kesho ukiitwa kupe utasema nini, nami nikiwa jikoni nikafurahi, ndiyo, nilifurahi, nikasema na aambiwe, na Eliufoo akajibu kwa sauti ndogo nitabebea samaki, ndugu balozi, samaki wa kijiji. Uongo. Viti vyenye mito kwa ajili ya samaki. Nikamdharau pale, jamani, nikamdharau sana.

"Sasa ndugu," Iddi anasema, amechoka na jua, anajipepea kwa kofia, "hii ya kijani ni ya watu wawili, mtu na mke wake, jioni mnatembea zenu, nzuri, nyepesi. Hii nyekundu ni kubwa. Mimi sikuuzii usichokihitaji. Nyumbani mko wangapi?" na mimi nasikia nusu tu, natazama chungu wanaobeba bawa la kumbikumbi karibu na mguu wangu, maana swali hilo nimelijibu mara nyingi mwaka huu, kwa mtu wa sensa, kwa mwenye duka la sukari, kwa padri mgeni, watatu, tuko watatu, nimejifunza kulisema bila kumeza mate, na kabla sijalisema Eliufoo anasema, "Wanne."

Wanne, anasema. Hakutazama kwangu. Mkono wake uko juu ya ubavu wa boti na hauendi popote. Iddi anasema haya basi, wanne, nyekundu hiyo, na anaanza kusifia viti, viwili mbele viwili nyuma, na mimi sisikii tena, nimeshika ukingo wa debe kwa mikono miwili, wanne, kakosea, ulimi umeteleza, hapana, mtu yule ulimi hautelezi, mtu yule hupima neno kama anavyopima mzigo juu ya ekseli za lori... wanne, yaani muda wote huu yeye amekuwa akihesabu wanne, na mimi, mama yake, niliyepiga kelele, niliyelia hadi majirani wakanionea haya, ndiye nilikuwa nazunguka mji mzima nikisema watatu... na Bikira Maria nisaidie, sasa ndiyo inanijia, ile jioni ya kiangazi, Priska amekaa kwenye ngazi ya lori, nimekuwa nikimsimulia ziwa, maji hadi ng'ambo huioni, usipa, dagaa wetu, wanaanikwa kama vumbi la fedha, na haamini, mtoto wa Same ataaminije, maji kwake ni kitu cha kwenye ndoo, akamgeukia baba yake aliyekuwa chini ya lori, miguu tu inaonekana, akasema baba, ninunulie boti, si ya samaki, samaki wananuka, ya kwenda tu, mama atuonyeshe anavyojua, na sauti ikatoka chini ya lori, tutaiendesha wapi, kwenye vumbi? na yeye akasema baba, wewe nunua tu, mahali patakuja, na Eliufoo akacheka mpaka akagonga kichwa kwenye chuma, halafu akasema haya. Nilikuwa nimesahau. Mimi nimesahau, na yeye, ambaye kila mara anatoka nje kwenda kuangalia lori... si lori, basi, hakuwa akiangalia lori, ni ile ngazi... na baada ya mazishi aliliosha kwa sababu usiku ule mtoto alikuwa ametapika humo, asingeweza kumwacha mtu mwingine aoshe, mpagazi, tandiboi, mtu wa pembeni, asingeweza, na mimi nilisimama nyuma yake na uchungu wangu mkubwa nikauona mgongo tu. Hakuna aliyeniambia mwanamume huyu hulia kwa mikono. Ningepaswa kujua. Nimelala naye miaka kumi na sita.

Nainuka. Magoti yanauma. Jua la uwanjani linanipiga usoni, na Iddi anasema alaa, shemeji naye kaja, karibu shemeji, panda uone kiti kilivyo, haijauma mtu, na Eliufoo anashtuka, ananitazama kama mtu aliyekamatwa, ananyosha mkono nami naushika, mkono mgumu, una grisi kwenye kucha, napanda juu ya tairi, naingia, na boti inayumba kidogo, juu ya matairi tu, lakini mwili wangu unakumbuka, nyonga zinakumbuka, nakaa. Na yeye anapanda, anakaa kwenye usukani, haugusi. Mbele yetu kuna ukuta wa gereji na juu ya ukuta kuna milima yao, ina wingu kama kawaida, na chini ya wingu lile yuko mtoto, na sote wawili tunatazama huko huko, na nahisi nikifungua mdomo kitatoka kile kilio cha hospitali, lakini nafungua, na kinachotoka ni sauti ya kawaida, ya nyumbani, nasema angekaa hapa nyuma yangu, apate kivuli, Priska, na jina linakaa hewani, na nangoja ainuke, aende.

Hainuki. Anaushika usukani, kwa mara ya kwanza.

"Angesimama," anasema. "Yule hakai."

Na nasema kweli, hakai, na Iddi chini yetu, mkono wake juu ya macho kuzuia jua, anauliza tena, sasa wakubwa zangu, tumeamua nyekundu au kijani?