Notisi za Marehemu Armogam

Sinamma alikuwa akipiga pasi kola za sare za shule, Jumanne asubuhi, mjini Labasa, mumewe, Armogam, alipoingia katika duka lao la ushonaji. Mwili wake ulikuwa umechomwa kando ya mto mwezi wa Februari, na sasa ilikuwa Agosti. Mabega yake yalijaa majivu. Sinamma alichukua brashi akampangusa, asije akachafua mashati meupe.

"Wameniita," Armogam alisema. "Barua ina jina langu."

Kweli barua ilikuwepo kwenye rafu, haijafunguliwa. Leseni ya duka ilikuwa bado kwa jina la Armogam, kwa hiyo ofisi ya kodi ilimwandikia yeye, na Armogam alikuwa mtu wa kutii serikali tangu akiwa hai. Alikula roti kwa chatine ya nazi, akashona vifungo, na saa kumi na nusu, ofisi zilipofungwa, akaenda zake.

Notisi ya pili ilipofika, alikuja tena. Ya tatu vilevile. Kila notisi ilikuwa na adhabu kubwa kuliko iliyotangulia, na Sinamma hakufungua hata moja. Muuza samaki wa jirani alidhani anaogopa. Haikuwa hofu. Sinamma alikuwa ameng'amua kwamba akikaa kimya, watamwandikia mumewe tena.

Notisi ya nne Armogam aliifungua mwenyewe.

"Wewe mwanamke, wanataka kubeba vyerehani!"

"Wabebe."

"Utakula nini?"

"Na wewe ukiacha kuja, nitakula na nani?"

Armogam alitunga uzi kwenye sindano. Baada ya chai alimshika mkono, wakaenda kwa Mereoni, mshauri wa kodi mwenye ofisi juu ya duka la dawa.

Mereoni aliwavutia viti viwili, akauliza kama marehemu anatumia sukari, kisha akasoma notisi zote.

"Dada, ungeniletea ile ya kwanza, tungemaliza kabla chai haijapoa. Hamkupeleka ritani, ile taarifa ya mapato ya mwaka, basi wakakisia. Wamefanya kama vile kaka anashona usiku na mchana."

"Siku hizi huwa silali," Armogam alisema.

"Kaka, usiniharibie kesi." Mereoni aliweka kidole chini ya mstari mmoja. "Mwisho wa pingamizi ni Ijumaa. Ikipita, makisio yao ndiyo deni. Tukipinga kwa hesabu zenu za kweli, watapunguza, na kitakachobaki tutaomba kulipa kidogo kidogo."

"Nikitia saini, atakuja tena?" Sinamma aliuliza.

Mereoni alivua miwani. "Jina lake litafungwa. Duka litakuwa lako, na barua zitakuwa zako."

Chini barabarani malori ya miwa yalikuwa yakipita kwenda kiwandani.

"Leo ni Jumatano," Mereoni alisema. "Mimi sina haraka. Ijumaa asubuhi inanitosha."

Alhamisi duka halikufunguliwa. Walipika kari ya samaki, wakabishana ni nani aliyesahau mwavuli kwenye basi la Savusavu mwaka ule wa kimbunga, na hakuna aliyekubali kushindwa. Ijumaa Sinamma alitia saini. Armogam alimsindikiza mpaka mlangoni kwake.

"Risiti usizitie tena kwenye kopo la biskuti," alisema. "Zinaliwa na mende."

"Nenda bwana, unanichelewesha," Sinamma alimwambia, akasimama pale mpaka mumewe akapotea machoni.

Ofisi ya kodi ilikubali pingamizi. Deni lilishuka, adhabu zikafutwa, na vyerehani vikabaki. Barua iliyoleta habari hiyo ilikuwa na jina la Sinamma, naye aliifungua papo hapo, akaisoma amesimama.

Ofisini kwenyewe hakuna kilichobadilika. Waliendelea kuwaandikia wafu, na wafu waliendelea kuitika. Mwezi wa Oktoba aliingia dukani mwalimu mstaafu aitwaye Semisi, aliyezikwa tangu Pasaka, akaomba apunguziwe suruali. Walimzika nayo ikiwa ndefu. Alikuwa na bahasha mkononi. Sinamma alipiga magoti, akapima upindo.

"Mama, ofisi ya kodi ni wapi?"

"Usianzie huko, mwalimu. Panda ngazi za duka la dawa, umwone Mereoni. Nenda na mkeo."

Semisi aligeuza bahasha. "Mke wangu anasema tungoje kwanza notisi nyingine."

Sinamma alibana pini ya mwisho.

"Mwambie angoje," alisema. "Lakini ajue tarehe ya mwisho."