Kamusi Nene ya Mfaume

Taiyeb, muuza vitabu, alikuwa na kamusi mbili tu za Kiingereza, na akamshauri Mfaume achukue ile ndogo, ya bei rahisi. Hapo ndipo Mfaume alipoingiwa na wasiwasi. Tangu lini mwenye duka akamkataza mteja kitu cha ghali?

Ushauri huohuo alikwisha kupewa na Didas, mtu wa bara aliyesomea misheni. Yeye na Mfaume walikuwa waandishi wa arzuhali pale Temeke, kila mmoja na baraza yake, wakitazamana ng'ambo ya barabara. Mtu asiyejua Kiingereza akiwa na shida ya kupeleka bomani kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, huandikiwa na mmoja wao. Sasa mnagombea wateja walewale, halafu mwenzako akuchagulie kamusi? Mfaume hata akisalimiwa mara mbili kwa siku hujiuliza ile ya pili ilikuwa ya nini. Akaamua: hawa wamekula njama. Kikulacho ki nguoni mwako. Akaibeba ile nene.

Wa kwanza kuandikiwa kwa kamusi ile alikuwa shangazi yake, Bi Mwanakombo, aliyemlea tangu alipofiwa na baba. Wapima ardhi walikuwa wamepiga vigingi katika kiwanja chake, kigingi kimoja hatua mbili tu kutoka kaburi la kaka yake, yaani babake Mfaume huyohuyo. Mwenye malalamiko alipewa mpaka Ijumaa, saa sita mchana.

Siku tatu Mfaume alipekua. Kila neno alilotafuta lilimletea mengine sita, na yote aliyatilia shaka: hili la wavivu, hili la kanisani, hili pengine Didas naye hulitumia. Kaburi ndilo lililomshinda kabisa. Alitaka neno zito, la kumvua Bwana Shauri kofia. Akaacha nafasi ya mistari miwili, atarudi kuijaza. Mwenyewe akasahau.

Ijumaa saa nne shangazi akaja. Mfaume akamfasiria barua, akafungua kidau cha wino ili atie dole. Bi Mwanakombo hakutoa dole. Hakujua kusoma, lakini macho alikuwa nayo.

"Na hapa peupe pana nini?"

Mfaume akatazama. "Ah. Hapo pa kaburi, shangazi. Neno lake sijalipata."

"Neno la kaburi hulijui?"

"Nalijua. Nilikuwa nachagua."

Bi Mwanakombo akavuta kanga, akaufunika mkono. "Nyumba ya marehemu mume wangu ilikwenda hivihivi. Karatasi ina peupe, nikatia dole, wakapajaza nyuma yangu. Aliyenisomea naye aliniita shangazi."

"Mie ni mwanao!"

"Ndiyo maana naogopa. Mtu baki ningemfukuza tu."

Mfaume akafunua kamusi ile nene amwonyeshe yale maneno sita, na kadiri alivyofunua ndivyo alivyozidi kufanana na mwizi, na mwenyewe alijua. Hasira ilimpanda, kisha ikamgeuka ikawa aibu. Saa tano ilikuwa imepita.

"Mwite yule mwenzio," shangazi akasema.

Kumwita Didas! Mfaume aliona heri ameze wino. Lakini alipokumbuka kigingi na kaburi, akaita.

Didas akavuka barabara. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nisomee yote, na hapo peupe nieleze."

Didas akasoma polepole, akafasiri. "Hakuna baya, bibi. Ila kaburi halimo." Mfaume alingoja acheke. Hakucheka. Alimsukumia kalamu. "Andika lile la kila siku, Bwana Mfaume. Bwana Shauri ataelewa."

Mfaume akaandika mstari mmoja mfupi: kaka yangu amezikwa pale. Palipobaki peupe akapapiga mstari mnene, pasiingie hata nukta. Didas akaisoma barua tena kwa sauti, shangazi akaitikia kwa kichwa.

Ikabaki dole. Kwa desturi yao, mwandishi humshika mzee mkono, akaliongoza dole kwenye wino na kulikandamiza mahali pake. Mfaume akaunyosha mkono wake.

Bi Mwanakombo akautoa wake chini ya kanga, akampa Didas.